Kwa Nini Mti Usiozaa Hupandwa Kwanza

Ulikuwapo wakati ambapo mti wa lango haukujua lango. Uliishi juu kabisa, katika msitu wa ukungu unaofunika kichwa cha mlima wetu wa Ngerindi, na majani yake yote yalikuwa laini, ya chini kama ya juu. Hakuna aliyeupanda. Wawindaji waliupita. Wanawake waliokwenda kuokota kuni waliujua kwa jambo moja tu: kiangazi kilipoivua miti mingine majani, huo ulibaki kijani, na baadhi yake ikabeba matunda mekundu, madogo kama punje za mtama.

Wakati huo sisi watu wa Ngerindi tulikuwa na usemi mmoja tuliouamini sana. Tulisema, mti usiozaa ni kuni. Mpapai uliochanua bila kutoa papai ulikatwa. Mche wowote uliokula mbolea bila kulipa tunda ulikatwa, na hakuna aliyeuliza mara mbili. Usemi huo leo hamuusikii. Ninyi mnaoshika kisu cha kupogolea kwa mara ya kwanza mnapaswa kujua ulikofia. Ulifia katika shamba moja, na shamba lenyewe mnaliona: ni lile chini ya mwamba, lenye uzio mrefu kuliko zote mlimani.

Lilikuwa shamba la mtu aliyeitwa Mghalu. Lilikuwa la mteremko na upepo uliligonga, lakini lilikuwa na chemchemi. Mghalu alipofariki alimwacha mkewe, Saru, na hawakuwa na mtoto. Ng'ambo ya mpaka aliishi Mwandoe, mdogo wake Mghalu, mtu wa mbuzi wengi na maji machache. Desturi ilikuwa upande wake. Ardhi ya ukoo ilikwenda kwa mtoto, na mjane asiye na mtoto alirudishwa kwa baba yake akiwa na vyungu vyake kichwani.

Baraza liliitishwa, na Mzee Nyambu, mkubwa wa ukoo, akalisimamia. Mwandoe alisema kwanza.

"Simfukuzi shemeji. Nasema tu kwamba ardhi haikai na mtu asiyezaa. Akifa, nani ataipokea?"

"Mbuzi wako wameshaanza kuipokea," Saru alisema. "Jana nimewatoa kwenye maharage."

Watu walicheka. Mwandoe alisubiri wamalize.

"Mti usiozaa ni kuni," alisema. "Si maneno yangu, ni ya wazee waliokaa hapa."

Kila mtu alijua mti uliosemwa ni nani. Saru alisimama. Hakuwa amepanga kusema alichosema. Alisema: "Shamba lile halina uzio. Mghalu alikufa kabla hajaliwekea. Nikipanda uzio, ukakaa kijani kiangazi kizima, ukazaa tangu jiwe la mpaka la juu hadi jiwe la chini, mtasema nimezaa?"

Watu walicheka tena. Mzee Nyambu hakucheka. Katika mlima huu, neno lililotamkwa barazani haliwi tena la aliyelitamka.

"Umelisema, mama, na tumelisikia," alisema. "Uzio ukifika kifuani na kuzaa jiwe hadi jiwe, shamba ni lako, na utampa umtakaye. Usipozaa, utabeba vyungu vyako."

Njiani, jirani yake Righa alimshika mkono. "Wewe Saru, ni uzio gani unaozaa wakati wa kiangazi?"

"Sijui bado."

"Hujui?"

"Nitautafuta."

Aliupata msituni, ule mti unaobaki kijani wakati wa kiangazi. Miche ya kwanza aliing'oa kama mtu anavyong'oa magugu, na yote ikafa. Alirudi. Safari hii alichimba kwa kuuzunguka kila mche, akauinua na udongo wake, akaufunga kwa maganda ya mgomba na kuubeba mgongoni kama mtoto. Alipanda mvua ilipoanza. Alijifunza kwamba mizizi yake hukaa juu juu, kwa hiyo jembe lisiisogelee, na magugu yang'olewe kwa mkono. Alijifunza kufunika shina kwa majani yaliyooza, na kuacha nafasi kidogo shina lipumue. Alijifunza kukata ncha ya mche uliokazana kwenda juu, ili upanuke. Yote mnayofundishwa leo asubuhi aliyajua kwanza yeye, na aliyajua kwa kuua miche.

Siku aliyopanda upande wa chini, ukungu ulikuwa umeshuka. Ulipoinuka aliona kwamba mche mmoja umepita jiwe la mpaka na kuingia kwa Mwandoe. Aliinama auhamishe. Mwandoe alikuja akasimama karibu nao.

"Kilicho kwangu ni changu, shemeji."

"Ni mche mmoja tu."

"Hata mmoja."

"Basi uutunze."

"Mbuzi watautunza," Mwandoe alisema.

Mbuzi waliutunza mche huo, na wakavuka kuitunza mingine. Walikula kila jani lililofikiwa na midomo yao. Saru aliwafukuza kwa fimbo, na walirudi kila alipokwenda kuchota maji. Mti haukwenda kushtaki kwa mzee yeyote. Ulijibu kwa majani. Pale palipoumwa, jani jipya lilitoka gumu, na ukingo wake una miba. Jani la mwaka uliofuata lilikuwa na miba zaidi. Mbuzi walionja, wakatema, wakaondoka. Juu, mahali ambapo mbuzi hakufika hata akisimama kwa miguu ya nyuma, mti haukuona sababu ya kujisumbua, na majani yakabaki laini. Hata leo iko hivyo. Anayetaka kujua shingo za mbuzi wa Mwandoe zilifika wapi, aangalie miba inapoishia.

Miaka ilipita. Uzio ulifika kiunoni, ukapita. Ulichanua maua meupe, madogo, ambayo mtu huyasikia kabla ya kuyaona kwa sababu ya nyuki. Kiangazi kilipokuja, matunda yalitokea. Watu walipanda kuja kuangalia. Ngerindi haikuwa imewahi kuona uzio wenye matunda wakati nyasi zimekauka, na hata waliomcheka Saru walianza kuwaambia watu wa milima mingine, "Kwetu kuna uzio." Walisema "kwetu".

Lakini si miti yote iliyozaa. Kati ya miti iliyobeba, ilisimama mingine iliyochanua vizuri na kubaki na majani matupu. Righa aliutikisa mmoja.

"Huu unakula bure. Baraza likija mwakani wataanza na huu."

Saru alijua. Neno lake lilikuwa jiwe hadi jiwe. Alijua pia Mwandoe angesema nini akisimama mbele ya mti mtupu katika uzio wa mwanamke aliyeitwa mti mtupu. Alichukua panga la Mghalu, akakata miti yote isiyozaa. Alikata haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajaulizwa. Katika mapengo alipanda vipandikizi alivyochukua kwenye miti iliyozaa, ili kila kitakachoota kiwe cha kuzaa. Kuni zilikuwa nzuri. Alipikia maharage na kumwita Righa wale pamoja.

Mwaka uliofuata uzio ulichanua wote. Kisha maua yakaanguka, na nyuma ya maua hapakuwa na kitu.

Mwandoe alikuwa akinywesha mbuzi kwenye mkondo unaotoka katika chemchemi. Aliutazama uzio, akamtazama Saru.

"Uzio umemfuata mwenyewe," alisema.

Baraza lilikuja, likatembea kando ya uzio kuanzia juu hadi katikati, likasimama. Mzee Nyambu alivunja kijiti, akaona ndani ni kijani.

"Umechanua, kwa hiyo haujafa," alisema. "Tutarudi mwakani. Baada ya hapo hatutarudi."

Walipoondoka, Saru aliendelea kutembea mahali walipoachia. Alitaka kuumaliza uzio wake kwa miguu yake, hata kama ni kwa mara ya mwisho. Karibu na mwisho aliona tunda moja. Mti uliofuata ulikuwa na machache. Uliofuata ulikuwa na zaidi, na wa mwisho kabisa, ule wa kwenye jiwe la chini, ulikuwa umebeba hadi matawi yameinama. Alirudi juu, akashuka tena. Kadiri alivyolikaribia jiwe, matunda yaliongezeka. Alifika kwenye jiwe akainua macho. Upande wa pili, kwa Mwandoe, ulisimama ule mche wake uliopotea katika ukungu. Ulikuwa umekua, umeumwa na mbuzi kila upande, una miba hadi juu ya kiuno, na hauna tunda hata moja. Ukiacha ile ya msituni, ndio mti wa lango pekee usiozaa ambao panga lake halikuufikia.

Righa alimkuta amekaa chini.

"Unaumwa?"

"Nimekata waume wa watu, Righa."

"Waume wa nani?"

"Wa miti hii. Ile mitupu ndiyo iliyokuwa ikiizalisha hii. Nyuki walikuwa wakipita huku na huku, nami nikadhani wanatafuta asali tu. Nimewakata nikapikia maharage."

Righa alifikiri kidogo. "Na mimi nikala," alisema.

Miti ya msituni ilikuwa mbali mno kwa nyuki na ilichanua wakati ya chini imeshamaliza, na mche mpya ungechukua miaka kabla ya kuchanua. Basi mwaka ule Saru aliushughulikia mti wa Mwandoe kuliko yake yote. Alisimama upande wake wa jiwe akaumwagia maji kwa kata. Aliwafukuza mbuzi wasiuguse. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mtu hanyweshi mti wa mwenzake bila sababu, na Mwandoe alijua hivyo. Sababu yenyewe hakuijua. Aliona tu kwamba shemeji yake anauhitaji, na hilo lilimtosha. Alisubiri. Uzio ulipoanza kuchanua, siku ambayo nyuki walikuwa wengi kuliko siku zote, alikuja na shoka akauangusha.

Saru alifika mbio. Mti ulikuwa umelala, maua yake yote yamefunguka.

"Ulikata yako, nami nimekata wangu," Mwandoe alisema. "Mti usiozaa ni kuni."

Saru alikuwa akiangalia nyuki. Mti ulikuwa chini, lakini wao hawakuwa wameambiwa. Walikuwa bado kazini, wakitoka ua hadi ua kwenye matawi yaliyolala, kisha wakiruka jiwe kwenda upande wake.

"Ni kweli, ni kuni," alisema. "Basi naomba kuni, shemeji."

Ngerindi hakuna anayemnyima jirani kuni. Kumnyima mtu kuni ni kumwambia asile, na neno hilo hata Mwandoe asingethubutu kulitamka. Isitoshe, ombi lilimfurahisha.

"Beba zote," alisema. "Utahitaji za kupikia safarini."

Saru na Righa walibeba zote. Hawakuzipeleka jikoni. Righa alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba vibuyu, mitungi iliyovunjika shingo, na vyungu vilivyokwisha kazi. Wanawake waliuliza vya nini. Alisema ni vya Saru, na vya uzio. Walitoa, na waliotoa walikuja kuona, na waliokuja kuona walisaidia kuchota maji. Kila chombo kilijazwa kwenye chemchemi, kikatiwa tawi lenye maua, kikafungwa kwa kamba za mgomba katikati ya uzio. Tangu jiwe la juu hadi jiwe la chini palikuwa na vibuyu. Kila asubuhi maji yalibadilishwa. Mtu aliyetazama kutoka mlima wa pili angedhani watu wa Ngerindi wamepika pombe kwa ajili ya miti.

Matawi mengine, yale ambayo hayakuwa na maua, Saru aliyakata vipande, akaondoa majani ya chini, akayachomeka kwenye udongo wa kivulini karibu na lango, akayafunika kwa chungu kilichotoboka. Alikuwa amewahi kukata bila kubakiza. Hakutaka kurudia.

Maua yalianguka. Siku zile Saru hakuutazama uzio. Righa ndiye aliyeutazama, na ndiye aliyekuja kusema kwamba nyuma ya maua kuna vitu vya kijani, vidogo kama vichwa vya sindano.

Baraza lilirudi katikati ya kiangazi. Nyasi zilikuwa zimekauka na mbuzi wa Mwandoe walikuwa wakila magome. Uzio wa Saru ulikuwa kijani, na juu ya kijani ulikuwa mwekundu, jiwe hadi jiwe. Mzee Nyambu alitembea akiupitishia kiganja chini ya kifua. Miba ilimchoma. Alinyonya kidole akaendelea kutembea, na hakuna mzee aliyerudi kabla ya jiwe la mwisho.

"Mwaka jana haukuzaa," Mwandoe alisema. "Huu ni uganga. Muulizeni ametumia dawa gani."

Mzee Nyambu aligeuka. "Mama, kuna dawa?"

Saru alionyesha vibuyu. Vilikuwa bado vimefungwa, na ndani yake matawi yamekauka. "Ni zile kuni alizonipa shemeji," alisema.

Watu wote walimtazama Mwandoe.

"Ulisema abebe zote," Righa alimkumbusha.

"Ulimpa?" Mzee Nyambu aliuliza.

"Nilimpa."

"Unataka akurudishie?"

Mwandoe aliutazama uzio. Alikuwa mtu mgumu, lakini alikuwa mtu wa Ngerindi, na alikuwa ndugu yake Mghalu, na huo ulikuwa uzio wa shamba la kaka yake. "Hapana," alisema.

Saru aliwaeleza wazee jinsi ilivyokuwa, kuanzia maharage. Hakuficha. Mzee Nyambu alisikiliza hadi mwisho, kisha akatamka kwamba shamba ni lake, na chemchemi ni yake, na atampa amtakaye. Kuhusu ule usemi hakutamka lolote. Lakini mvua ziliporudi, mtu mmoja alisimama barazani akaanza, "Mti usiozaa ni kuni," na Mzee Nyambu akamkatiza akamuuliza, "Kuni za nani?" Baraza zima lilicheka hadi yule mtu akakaa. Tangu hapo kila aliyeujaribu usemi huo aliulizwa swali hilo, hata na watoto, na mwishowe hakuna aliyeujaribu tena.

Wa kwanza kuja kuomba miche alikuwa Mwandoe. Alikuja bila fimbo, akasimama nje ya lango.

"Mbuzi wangu hawana uzio," alisema.

"Najua," Saru alisema. "Nimewafukuza miaka mingapi?"

Aliingia ndani akatoa vipandikizi viwili vilivyoota mizizi. Kimoja kilikatwa kwenye mti uliozaa. Kingine kilikuwa kimeotea chini ya chungu kilichotoboka, na kilitokana na mti ambao Mwandoe mwenyewe aliuangusha. Mwandoe alivigeuza mkononi akavitambua, kwa sababu kimoja kilikuwa na miba ya mbuzi wake.

"Huu usiozaa nitaufanyia nini?"

"Panda huo kwanza," Saru alisema.

Saru aliishi hadi uzio ukampita kichwa. Shamba alimpa msichana mmoja aliyerudishwa kutoka mlima wa pili, aliyepita njiani na vyungu vyake kichwani, na ambaye Saru alimwita aingie anywe maji. Alimpa na kisu cha kupogolea.

Na tangu siku hiyo, bibi harusi wa Ngerindi haendi kwa mumewe bila miche miwili. Usiozaa hupandwa kwanza, langoni, na kiangazi ndio hunyweshwa kwanza. Haukatwi ncha hadi maua yake yaanguke. Na kisu cha kupogolea cha kila ukoo hushikwa na mama asiye na mtoto, naye ndiye anayeamua nini kikatwe na nini kibaki, na wanaume na wazee husubiri neno lake. Wageni hupanda hadi huku wakati milima yao imekuwa ya kahawia, wakasimama mbele ya uzio wetu, wakauliza ni dawa gani tunatumia. Tunawaambia ni kuni tu.

Basi vaeni magunia mikononi, miba ya chini haijasahau. Shukeni hadi kwenye jiwe la chini mkaanzie hapo, na mkiukuta mti usio na tunda, pitisheni kisu pembeni, kisha mtu mmoja akauchotee maji.